Ndoo ya makombo: nilivyounusuru mgahawa wangu wa Uyole

Kila usiku kabla ya kufunga mgahawa nilikuwa namlipa kijana wa mkokoteni shilingi elfu moja abebe ndoo mbili za makombo akamwage. Jumamosi kijana yule yule alikuwa ananiletea kiroba cha samadi kwa ajili ya vituta vyangu vya mchicha nyuma ya jiko, na hicho nacho nalipia. Karibu miaka miwili nimefanya hivyo bila kuona kichekesho chake. Yeye nadhani alikiona, ila nani aharibu riziki yake mwenyewe?

Mgahawa ni banda la mbao na mabati pale Uyole, Mbeya, karibu na njia panda ambapo barabara ya Tukuyu na Kyela inachepuka kutoka barabara kuu ya Tunduma. Ukimwambia mtu una mgahawa njia panda ya Uyole anadhani pesa unaokota. Wateja wapo, sikatai. Lakini mwaka niliochukua mkopo wa kuongeza banda la pili, nilipokaa chini kupiga hesabu nilikuta nampikia muuza mkaa, mwenye nyumba na watu wa marejesho. Mimi mwenyewe nilikuwa nakula ukoko.

Habari za pamakacha (permaculture), kilimo kinachoiga jinsi msitu unavyojiendesha, nilizipata nikiwa mpishi. Parokiani kulikuwa na semina ya siku mbili ya akina mama wakulima, nikapewa tenda ya chakula. Dirisha la jiko lilikuwa linatazama ukumbini, kwa hiyo nilisikiliza huku nachambua mchele. Mwezeshaji alisema neno lile lilibuniwa Australia miaka ya 1970 na Bill Mollison na David Holmgren, wakati huo mwanafunzi wa chuo, wakiunganisha neno la kudumu na neno la kilimo. Walikuwa wanautazama msitu: haumwagiliwi na mtu, hautiwi mbolea na mtu, na hauachi kuzaa. Mwaka 2002 Holmgren akatoa kanuni 12, na chini ya kanuni hizo kuna misingi mitatu: kuitunza ardhi, kuwatunza watu, na kugawana kinachozidi.

Kanuni ya kwanza ilinikera. Inasema utazame kwanza kabla hujagusa kitu. Mtu ana marejesho Jumatatu, unamwambia atazame! Ya sita ndiyo iliyonifanya niache mchele nisogee dirishani: pasiwe na taka. Nikazikumbuka zile ndoo mbili.

Basi nikanunua daftari. Nilitaka kuandika mwaka mzima kama mwezeshaji alivyoshauri, nikaishia miezi mitatu. Ukurasa wa kushoto niliandika kila kinachoingia jikoni, wa kulia kila kinachotoka, hata kisichouzwa. Maganda ya viazi, ndoo ngapi. Maji ya kuoshea vyombo, ndoo ngapi. Majivu. Wali uliobaki. Wiki ya pili tu nikaanza kuona aibu. Maharage peke yake yalikuwa yanakula zaidi ya nusu ya mkaa wangu, kwa sababu nilikuwa nayabandika alfajiri makavu, bila kuyaloweka, kwenye jiko ambalo joto lake jingi linaishia kwenye mabati ya paa.

Nikaanza na maharage. Nayaloweka tangu jioni, na nikipata Uyole Njano huwa sinunui mengine, ni aina iliyotoka kwenye kituo cha utafiti cha hapa hapa kwetu na wateja wanaipenda kwa ladha. Halafu nikahamia jiko la maranda. Wenzangu wa Mafinga na Njombe, kwenye viwanda vya mbao, hawatashangaa, lakini kwa asiyelijua: unachukua pipa dogo au debe la bati, unatoboa tundu ubavuni kwa chini. Unasimamisha chupa katikati, unapitisha kipande cha mti kwenye lile tundu mpaka kiguse chupa, kisha unashindilia maranda makavu kuzunguka mpaka juu. Shindilia kwelikweli, yakilegea yataporomoka. Ukichomoa chupa na mti inabaki njia ya hewa, unawasha kwa chini. Mwanzoni linafuka moshi, kwa hiyo liwashie nje. Likishakolea linawaka polepole saa nyingi bila kuongezwa kitu, na maharage yanataka moto wa namna hiyo hiyo.

Maranda niliyapata bure kwa seremala wa mtaa wa nyuma. "Chukua tu dada, unanisafishia." Mwezi mmoja baadaye akapita mgahawani, akaona jiko, akanywa chai kimya kimya. Siku ya pili kiroba kikawa shilingi mia tano. Nilikasirika wiki nzima. Baadaye nikajiuliza: kama kwangu ni mali, kwake ibaki takataka kwa nini? Tukakubaliana chai na chapati mbili asubuhi kwa viroba viwili. Tangu hapo hajawahi kuniletea yaliyolowa, kwa sababu yakilowa chai inachelewa.

Sasa nije kwenye nguruwe. Hapa nilikosea, na sikukosea kwa uvivu, nilikosea kwa kuifuata kanuni kwa bidii bila akili.

Baada ya kuona daftari nilisema makombo hayatoki tena pale bila kuniletea kitu. Nikanunua nguruwe wadogo watatu, nikajenga banda nyuma ya kiwanja. Makombo yangu hayakutosha, kwa hiyo nikawaomba na jirani zangu wawili wanaouza kitimoto. Walifurahi, nao walikuwa wanalipa mkokoteni. Kila usiku ndoo zinakuja, ninamwaga kwenye kihori, nguruwe wanaguguna, mimi najiona mtaalamu. Nilikuwa nawahadithia wateja: angalia, hakuna kinachopotea hapa. Mwezi wa nne mmoja akakataa chakula. Kesho yake amelala, anahema, masikio yamekuwa mekundu. Ndani ya wiki moja wote watatu walikuwa wamekufa.

Bwana mifugo alipokuja hakuuliza mengi. Aliuliza nawalisha nini. Nikamjibu kwa majivuno kabisa, makombo ya hapa na ya kwa jirani. Akauliza tena: na mabaki ya kitimoto yamo? Yamo. Yamechemshwa? Nikanyamaza. Akanieleza kwamba dalili zile ni za homa ya nguruwe, kwamba kirusi chake hakimdhuru binadamu lakini kinaweza kukaa ndani ya nyama ya nguruwe muda mrefu, na kwamba ugonjwa huo hauna dawa. Mabaki mabichi au yaliyoiva nusunusu ya mnyama aliyekufa nao yakirudi kihorini, umeyapeleka maradhi mwenyewe kwa ndoo. Tulifukia kwa kina na chokaa, banda likapuliziwa dawa, na nikaambiwa nisiingize nguruwe mwingine kwa miezi kadhaa. Mtaa mzima ukazuiwa kuuza na kusafirisha nguruwe. Siwezi kueleza jinsi majirani wafugaji walivyokuwa wananisalimia kipindi kile. "Ugonile" ilikuwa inatoka kama mtu anatema mbegu.

Kwenye semina nilisikia watu wakishangilia mzunguko: kinachotoka hapa kiingie pale. Hakuna aliyesema mzunguko unazungusha na ugonjwa, na deni, na umbea. Siku hizi kila ninapounganisha vitu viwili naweka kitu katikati cha kuchuja. Makombo yote yanachemka nusu saa nzima kwenye jiko lile lile la maranda, maharage yakishaepuliwa. Mabaki ya nyama ya nguruwe hayaingii kabisa kwenye chakula cha nguruwe wa mtu yeyote, hata yawe yamechemshwa. Mimi mwenyewe nimebaki na kuku wa kienyeji. Maganda ya viazi yaliyochemshwa nampelekea mama mmoja mfugaji wa Nsalaga, naye ananirudishia samadi. Maganda ya kijani na machipukizi ya viazi hayaendi kwake, yana sumu. Yanaingia shimoni.

Shimo hilo ndilo ninalojivunia zaidi, ingawa lilinichukua siku mbili tu. Maji ya vyombo yalikuwa yanatiririka mpaka kwa jirani na kila mvua tunagombana. Nikachimba shimo la mviringo, upana kama hatua mbili, kina cha kiunoni, udongo nikaupanga ukingoni kuzunguka. Ndani nikajaza majani makavu, magunzi, matawi, maganda. Ukingoni nikapanda migomba mitano niliyoitoa kwetu Tukuyu, na kwenye sehemu inayolowa daima nikapanda magimbi. Maji ya vyombo yanaingia humo. Uchafu unaoza taratibu, migomba inakunywa. Kwetu Tukuyu, ambako mvua kwa mwaka inapita milimita 2,000, hakuna anayehitaji shimo kama hilo. Migomba imezunguka nyumba, ng'ombe anafungwa karibu, samadi inakwenda kwenye shina, maganda yanarudi kwa ng'ombe. Lakini Uyole ni baridi zaidi na kiangazi kinauma. Mgomba ambao kwetu ungeshazaa, hapa bado unafikiri. Magimbi ndiyo yaliyonishangaza: ya kuchemsha, na chai ya rangi, yanaisha kabla ya saa tatu asubuhi, na gharama yake kwangu ni kuyachimba.

Kanuni nyingine iliyonisaidia haihusu jembe. Wale Waaustralia wanagawa shamba kwa kanda: unachokihitaji kila siku kikae mlangoni, unachokitembelea mara moja kwa mwezi kikae mbali. Nilipanga mchicha na majani ya chai hivyo, sawa. Halafu nikaliangalia daftari upande wa wateja nikaona nimewapanga kinyume. Nilikuwa nahangaika na abiria wa mabasi, napika chipsi kibao nikisubiri basi ambalo pengine halisimami, chipsi zinapoa, zinakuwa makombo. Wakati huo madereva bajaji, mafundi, wauza duka wanaokula kwangu kila siku wanasubiri nusu saa. Nikageuza. Wa kila siku wakawa kanda ya mlangoni: chakula chao kinajulikana, kiasi kinajulikana, na mali kauli nimeiwekea kikomo cha wiki moja. Basi likisimama, abiria anapata kilichopo. Mauzo ya siku moja moja yalishuka kidogo. Makombo yalishuka zaidi. Banda la pili nililolikopea nikalipangisha kwa fundi cherehani, na kodi yake ikamalizia marejesho. Watu walisema nimefilisika. Niliwaacha waseme.

Kuhusu kikundi nitasema kifupi, maana vikoba kila mtu anavijua. Tulikuwa tunakutana Jumapili, akina mama kumi na mmoja, kuweka hisa na kukopeshana. Siku moja nikaja na daftari langu nikawaomba kila mmoja aseme anatupa nini na ananunua nini. Ikachukua saa mbili, kwa kicheko. Mwenye mashine ya kusaga ana pumba, anayefuga kuku ananunua pumba sokoni. Muuza mboga anatupa majani ya kabichi kila jioni, mwenye sungura anakata majani porini. Mafuta yangu ya chipsi yaliyochoka yanakwenda kwa mmoja wetu anayetengeneza sabuni ya mche, na sabuni hiyo ndiyo ninayooshea vyombo. Hatubadilishani bure. Kila kitu kinaandikwa kwa shilingi, hata kama shilingi yenyewe haishikwi, kwa sababu urafiki usioandikwa ndio unaovunja vikundi. Mmoja alijitoa, akasema sisi tumekuwa wachuuzi wa takataka. Kwa mfuko wa jamii hatukubuni kitu kipya, tumeongeza tu: kinachozidi mwisho wa mwezi kinamlipia mwenzetu aliyeuguliwa au aliyefiwa. Mwaka jana kilinilipia mimi.

Linalonikosesha usingizi bado ni kwamba kiwanja si changu. Unawezaje kupanga mambo ya kudumu kwenye ardhi ya kupanga? Migomba ilipoanza kupendeza, mwenye nyumba alikuja akazunguka nyuma, mikono mgongoni, akasema kodi itapanda kwa sababu eneo limekuwa zuri. Nilitamani kung'oa kila kitu usiku ule. Badala yake nikamwita mjumbe, tukaandikiana mkataba wa miaka mitatu: kodi haigusi mpaka uishe, nikihama migomba inabaki na kuku wanaondoka na mimi. Machipukizi ni yangu kuyatoa nitakavyo. Hicho kipengele cha machipukizi alikiona cha kitoto, akasaini bila kukisoma mara mbili. Hadi sasa nimeshawagawia wenzangu saba wa kikundi, na mashimo matatu yameshachimbwa mtaani.

Mwezi wa tatu alipokuja kuchukua kodi alisimama muda mrefu pale shimoni. Akaomba chipukizi mbili. Nikampa. Akashukuru, "ndaga fijo, mama," akaondoka nazo begani. Kesho yake asubuhi alikuwa mteja wa kwanza. Aliagiza chai na magimbi, akauliza maranda tunayapata wapi.