Hedifoni za elfu tano na magitaa ya Tabora

Tabora, Jumapili jioni.

Ukishazoea hedifoni kubwa za kufunika masikio, kurudi kwenye zile za elfu tano zinazoning'inia vibanda vya vocha kunaudhi. Dakika tano za mwanzo besi imevimba kama inatoka ndani ya pipa, mwimbaji kajificha nyuma ya pazia, na matoazi yanachoma. Wengi huishia hapo, wakazivua. Naona hukumu hiyo huja mapema mno, maana hutolewa na sikio ambalo bado linasikiliza hedifoni nyingine.

Sikio halina rula. Hupima sauti ya sasa kwa ile iliyotangulia, kama mkono uliotoka kwenye maji ya moto unavyoyaona ya vuguvugu kuwa baridi. Anayebadilisha hedifoni mbili kila baada ya wimbo hujitesa bure, kwa sababu kila akirudi kwenye za bei nafuu anaanza msiba upya. Fungia zile nzuri kabatini siku tatu nne, sikiliza hizi peke yake, kwa nyimbo unazozijua vizuri. Pole pole besi itatulia na mwimbaji atasogea mbele. Hizo habari kwamba spika hizi ndogo huiva zikichezeshwa saa mia moja siziamini. Kinachoiva ni sikio.

Kama ni lazima ulinganishe, sawazisha kwanza ukubwa wa sauti. Hedifoni mbili kwenye alama moja ya simu hazitoi ukubwa mmoja, na ile inayozidi hata kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 1 au 2 sikio huiona ndiyo bora. Tumia maneno ya mtangazaji wa redio kusawazisha, si muziki, maana besi hudanganya.

Lakini mazoea hayawezi kuiokoa hedifoni iliyokaa vibaya, na hapa ndipo penye kosa kubwa kuliko yote. Zile za kuingia ndani ya sikio hutegemea vipira vyake kuziba tundu. Pakibaki upenyo mwembamba tu, besi yote hutorokea hapo, zikabaki kelele za juu peke yake. Mara nyingi huja na jozi mbili za ziada kwenye kifuko kidogo ambacho watu hukitupa pamoja na boksi. Usikitupe. Jaribu hivi: weka wimbo wenye gitaa la besi, kisha bonyeza hedifoni taratibu kwa kidole. Besi ikiruka juu unapobonyeza, kipira hicho ni kidogo kwako. Pandisha saizi. Na usishangae sikio la kulia likataka kipira cha kati na la kushoto likataka kikubwa. Masikio ya mtu mmoja hayalingani.

Namna ya kuvaa nayo ina kazi yake. Kwa sikio la kushoto, pitisha mkono wa kulia nyuma ya kichwa, vuta sikio juu na nyuma ili njia yake inyooke, kisha sukuma hedifoni kwa mkono wa kushoto huku ukiizungusha kidogo. Ukiachia sikio, nyama yake inafunga yenyewe. Waya upitishe juu ya sikio uteremkie nyuma, na ule mkwaruzo wake kwenye kola ya shati utapungua sana. Zile bapa zisizoziba, zivishe vifuniko vya sponji. Sponji hujaza pengo na kupunguza ukali wa matoazi.

Ndani ya kidude hicho kuna utando mwembamba wa plastiki, mara nyingi wa milimita 10, koili ya waya iliyogandishwa nyuma yake, na sumaku. Hedifoni kubwa ina vitu hivyohivyo, ila utando wake huwa kama milimita 40. Nafuu ya bei huonekana zaidi kwenye umbo la kasha na vitambaa vya kutuliza mtetemo, ambavyo hapa ni vichache au havipo. Ndiyo maana karibu zote zina ugonjwa mmoja: uvimbe kwenye hezi (mitetemo kwa sekunde) 125 hadi 250, na mwiba kati ya hezi 6,000 na 8,000. Dawa iko kwenye ikwalaiza ya simu, yaani pale unapopandisha au kushusha sauti nene na nyembamba kila moja peke yake, na dawa hiyo ni kupunguza, siyo kuongeza. Zima kwanza kitufe cha kuzidisha besi. Shusha 125 na 250 kwa desibeli 3 au 4, shusha 8,000 kwa 2 au 3, kisha pandisha sauti ya jumla kidogo kufidia. Ukifanya kinyume chake, ukapandisha zilizobaki, utando unasukumwa kuliko uwezo wake na sauti inapasuka.

Sasa muziki wenyewe. Hapa Tabora tumerithi hazina ya bendi za dansi: Kiko Kids, Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz. Nyingi ya rekodi za dansi za enzi hizo, zilizofanywa na Radio Tanzania Dar es Salaam, ni za mono, bendi nzima imekusanywa kwenye mkondo mmoja. Hedifoni za gharama hukuonyesha mambo usiyoyaomba: mvumo wa utepe, chumba kilivyo kidogo, saksafoni iliyosogea karibu mno na kipaza sauti. Za elfu tano hufunika mvumo huo na kuacha kitu ambacho muziki ule umejengwa juu yake. Uzi mnene wa gitaa huanza kwenye hezi 82, sauti ya mwanamume anayeimba iko humohumo na kuendelea juu, na katika eneo hilo la kati kidude cha bei nafuu hujitahidi vizuri. Hata besi haipotei kama inavyodhaniwa. Uzi wa chini kabisa wa gitaa la besi hutetemeka mara 41 kwa sekunde, na huenda hedifoni isiufikie, lakini hutoa pia 82, 123 na 164. Ubongo ukisikia hizo tatu hujaza wenyewe ile 41 iliyokosekana. Ndiyo maana hata kwenye redio ndogo ya betri mtu hufuata besi kwa mguu bila kukosea.

Sikiliza gitaa la rithimu, lile linalorudia mkato uleule chini ya solo. Kwenye hedifoni kubwa masikio hukimbilia solo. Kwenye hizi ndogo rithimu hukaa katikati ya kichwa, kavu, na unasikia kucha zinavyogusa uzi na kuuachia kabla haujamaliza kulia. Mimi kwa hilo naziheshimu.

Faili nazo zitazamwe. MP3 ya kilobiti 128 kwa sekunde inatosha kabisa kwa hedifoni hizi. Mbovu ni nyimbo zilizonyofolewa kwenye video, zikageuzwa, kisha zikageuzwa tena kabla ya kuingia kwenye memori kadi. Matoazi yake hububujika kama maji kwenye mfereji, na ule mwiba wa hezi 8,000 hulizidisha tatizo.

Kuna kasoro moja inayowafanya watu watupe hedifoni nzima. Mwimbaji anatoweka, vyombo vinabaki vinaelea kwa mwangwi. Pini ya kuchomeka kwenye simu ina sehemu nne: ncha ni ya kushoto, pete inayofuata ni ya kulia, ya tatu ni waya wa pamoja, na shina ni la maiki. Waya wa pamoja usipogusa, umeme hupita kutoka spika moja kwenda nyingine na unasikia tofauti tu kati ya kushoto na kulia. Mwimbaji yuko katikati, sawa pande zote, kwa hiyo anajifuta. Wimbo wa mono wa Tabora Jazz ukiuweka hapo husikii karibu kitu, kwa kuwa pande zote mbili ni zilezile. Mara nyingi chanzo ni vumbi la kiangazi na nyuzi za mfuko zilizogandamana ndani ya tundu la simu, pini haifiki mwisho. Zima simu, chokoa kwa kijiti cha meno kikavu, polepole, na pini uifute kwa spiriti.

Upande mmoja ukififia, badilisha hedifoni ya kulia iende kushoto. Ufifio ukihama nayo, angalia wavu wake: nta ya sikio imeuziba. Geuza wavu utazame chini ndipo usugue kwa mswaki mkavu, uchafu udondoke nje. Ikikatakata unapopinda waya karibu na pini, kata sentimita 3 juu ya kidonda na uchomelee pini mpya. Vijinyaya vya ndani vimepakwa vanishi, risasi ya kuchomelea haishiki mpaka uiunguze vanishi hiyo. Rangi usiziamini sana. Tumia mita ya umeme: kwenye hedifoni za omu 16 (kipimo cha ukinzani wa umeme), waya unaosoma karibu 16 na kila mmoja wa wenzake wawili ndio wa pamoja, na hao wawili wakipimwa wao kwa wao husoma karibu 32.

Ukubwa wa sauti ni jambo la kuchunga. Kipimo cha Shirika la Afya Duniani ni saa 40 kwa wiki kwenye desibeli 80. Kwenye 90 zinabaki saa 4 tu. Mtego uko kwenye treni ya Kigoma. Ngurumo ya magurudumu humeza besi, mkono unapandisha sauti bila kujua, na kipira kisichoziba huzidisha hamu hiyo. Ziba vizuri kabla ya kupandisha. Kisha treni inaposimama Kaliua, usiku, ngurumo ikikatika, shusha alama tatu au nne hapohapo. Gitaa la rithimu litakuwa bado lipo, lote.