Gonga, bisha, gota: vitenzi vya mlangoni

"Nimegonga mlango" na "nimebisha hodi" si jambo moja, ingawa watu huzibadilishana kila siku. Gonga hutaka vitu viwili vikutane, na angalau kimoja kiwe kigumu: konde na ubao, nyundo na chuma, gari na nguzo. Kubisha hodi hakuhitaji mguso. Ukisimama nje ya ua usio na mlango ukapaza sauti "hodi!", umeshabisha. Lakini bisha likibaki peke yake, bila hodi wala mlango, msomaji atafikiria ubishani. Na kwa mabaharia, chombo kinachobisha ni kile kinachosonga mbele dhidi ya upepo kwa kugeuza upande huu na ule.

Gota ni la karibu zaidi na mkono: kugonga kwa kifundo cha kidole au kitu kigumu kidogo. Ndiyo maana vijana wa Kenya wanaosalimiana kwa ngumi hugotana, hawagongani.

Gonga ndilo lenye ukoo mkubwa. Karani hugonga mhuri, saa hugonga, nyoka naye humgonga mtu. Jitihada zikishindwa, zimegonga mwamba. Makosa mengi huzuka kwenye viambishi. Gongana ni ya kutendana, kwa hiyo magari mawili hugongana, ila gari lililoacha barabara limegonga mti. "Limegongana na mti" naliona kosa, kwani mti haukwenda popote. Glasi mbili ukizikutanisha mwenyewe umezigonganisha. Msumari ukiupigilia hadi uzame kwenye ubao, umeugongomea. Angalia pia hili: "amenigongea" maana yake amenigongea mlango, pengine kuniamsha, "amenigonga" ni ajali, au ugomvi. Herufi moja tu, na polisi wanaingia kwenye habari.

Sasa sauti yenyewe. Tanakali ya mlango ni ngo, nayo hukaa baada ya kitenzi: "Mlango uligongwa, ngo! ngo! ngo!" Kila ngo ni pigo moja, basi usijaze mstari mzima kwa mapambo. Tatu zinatosha kwa mgeni mstaarabu. Zikiongezeka, msomaji atahisi haraka au hatari, na mwandishi mzuri hulitumia hilo makusudi. Ukitaka mapigo yaendelee bila kuyahesabu, rudufisha kitenzi: "aligongagonga dirisha". Hapo tanakali huwa ya ziada, na afadhali uiache.

Usiweke kibainishi, ile alama ya ('), katika ngo. "Ng'o" ni neno jingine kabisa, la kukataa katakata: "Sitoki ng'o!" Ukiandika "mlango uligongwa ng'o", hadithi inakwama hapo hapo, maana msomaji anaona mlango umekataa. Kibainishi kina mahali pake kwa kigong'ota, ndege adonoaye magogo kwa mdomo kutafuta wadudu, huyo usimnyime.