Jioni Mama Alipomsikia Billie Holiday

Mama alikuja kwangu Newark, Marekani, baada ya kutoka eda. Kaka zangu kule Tanga ndio walioamua: mama hali vizuri, hazungumzi, bora akapumzike kwa binti yake kidogo. Tangu nilipompokea uwanja wa ndege, na kanga yake juu ya koti la kuazima, hakumtaja baba hata mara moja. Nikimtaja mimi, anaomba maji ya kunywa.

Wakati huo nilikuwa nafanya kazi ghalani zamu ya usiku, na redio ya pale haikuhama WBGO, kituo cha jazi cha hapohapo Newark. Ni mji wa mwimbaji wa jazi Sarah Vaughan ule. Alizaliwa hapo mwaka 1924, akaanza kuimba kwenye kwaya ya kanisa, na watu wa pale wana haki ya kujivunia. Nyimbo za zamani za waimbaji wa aina yake ndizo zilizonivusha usiku mwingi wa baridi. Mama hakuwa akizijua. Yeye ni mtu wa taarabu, mtu wa Black Star na Lucky Star, mtu wa Shakila.

Jumamosi moja nilikuwa na mapumziko. Theluji imejaa nje, tumekaa jikoni, mama anachagua mchele kwenye sinia ingawa nilishamwambia mchele wa huku hauna mawe. Nikaweka CD ya Ella Fitzgerald. Mama akasikiliza kidogo. "Huyu anaichezea sauti anavyotaka. Hodari." Akaendelea na mchele wake. Nikabadilisha, nikamweka Billie Holiday, "I'll Be Seeing You", aliourekodi New York mwaka 1944.

Maneno ya wimbo ule ni mepesi mno. Mtu ametengana na mwenziwe, basi anataja mahali walipozoea kuwa pamoja: mkahawa mdogo, bustani ya ng'ambo ya barabara, bembea la watoto, mti. Kote huko atamwona. Hakuna kufa wala moyo kupasuka. Uliandikwa mwaka 1938, lakini watu waliushika hasa wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, vijana wa Marekani walipokuwa ng'ambo na waliobaki nyumbani hawajui nani atarudi. Irving Kahal aliyeandika maneno alifariki mwaka 1942, hakuuona ukipendwa vile. Na Billie anauimba polepole sana. Ala zinatangulia, yeye anakuja nyuma yake, kila neno linachelewa kidogo kama mtu anayesita mlangoni. Sauti yake haikuwa kubwa, haikupanda juu sana wala kushuka chini sana. Mimi naamini huko kuchelewa ndiko kunakomshika msikilizaji, kwa sababu kunampa nafasi ya kuingia na la kwake.

Mkono wa mama ukasimama juu ya sinia.

"Anamlilia nani huyu?"

"Mtu wake, mama. Wametengana."

Akanyamaza mpaka wimbo ukaisha. "Halii," akasema. "Huyu keshamaliza kulia. Hebu nirudishie."

Nikaurudisha, safari hii namfasiria mstari kwa mstari. Nilipofika kwenye bustani akanikatiza.

"Baba yako alikuwa akiningoja Bustani ya Jamhuri. Akitoka bandarini, na karanga kwenye karatasi."

Kisha akaendelea mwenyewe. Raskazone siku za Idi, baba amevua viatu anaviogopea maji ya chumvi. Chumba chao cha kwanza Ngamiani, barabara ya nane, dirisha lisilofungika. Muuza kahawa aliyekuwa akimmiminia baba bila kuulizwa. Hakusema baba alikuwa mtu mwema, hakusema anamkumbuka. Alitaja mahali tu, pamoja na kilichokuwapo, vilevile kama wimbo ulivyofanya.

"Shakila angeuweza huu," akasema.

Kwa furaha ya kumsikia akizungumza nikamwekea na "Lady in Satin", albamu ya mwaka 1958. Fidla zikajaa jikoni, nikajua atazipenda. Lakini Billie alipofungua mdomo, sauti imekwaruza na pumzi fupi, mama akaniangalia.

"Ndiye yule?"

"Ndiye, mama. Miaka 14 baadaye."

"Anaumwa."

Nikamwambia kweli, alikuwa mgonjwa, pombe na dawa za kulevya zimemla, na mwaka uliofuata alifariki hospitalini New York akiwa na miaka 44. Nikamwambia pia kwamba alikamatwa akiwa kitandani kwa ajili ya dawa hizo, polisi wakawekwa kumlinda. Mpaka leo jambo hilo naliona ni unyama. Mama akaweka sinia chini.

"Na nani aliyekuwa akimuuguza?"

Sikuwa na jibu la kumpa.

"Baba yako nilimuuguza mimi," akasema. "Hakulala peke yake hata usiku mmoja."

Ndipo akanieleza usiku wa mwisho, tangu baba alipoomba uji na kuukataa, alivyotaka ageuzwe aelekee dirishani, alivyoniulizia mimi kama nimeshatoka kazini, mpaka adhana ya alfajiri. Kwenye simu kaka zangu waliniambia tu kwamba alikwenda kwa utulivu. Hayo mengine hawakuyajua, hawakuwamo chumbani.