Turubai la sendofu

Leo tumekodi turubai la sendofu ya mdogo wangu, hapa Uyole.

Mama alitaka lile la nguzo ndefu katikati, linapendeza kwenye picha.

Mzee wa maturubai hakubishana. Aliinama uani, akagonga chini kwa nyundo. Ko! Zege tupu.

"Mama, lile linashikwa na kamba na vigingi. Hapa kigingi tutakipigilia wapi?"

Nimempenda sana. Hakutaja bei mpaka alipokagua uwanja.

Tumechukua la fremu ya chuma, miguu itafungwa kwenye viroba vya mchanga. Kuta za pembeni nimeng'ang'ania mimi, maana Julai ya Mbeya jioni bibi zetu wataganda.

Ndugu zangu wa Makambako, kwa upepo wenu ule, mnakodi lipi?