Bango la Changamwe

Niliiona picha yangu kupitia dirisha la matatu, pale Changamwe, Mombasa, njia ya kwendea uwanja wa ndege. Bango lilikuwa kubwa kama ubavu wa nyumba: bwawa la kuogelea, mnazi ulioinama, kivuli chake kimelala juu ya maji. Kivuli kile nilikijua. Nilikingoja tangu saa kumi na moja alfajiri, nimelala kifudifudi kwenye sakafu yenye umande, kwa sababu jua likipanda kidogo tu kinajikunja na kutoka majini. Lakini jina lililoandikwa pale juu halikuwa la hoteli iliyoniita kazini. Lilikuwa la kampuni ya kutembeza watalii ambayo sikuwahi kuzungumza nayo hata siku moja.

Hiyo ilikuwa Agosti 2017. Kazi yenyewe niliifanya Machi, siku mbili, Diani. Meneja alinipigia simu, tukaafikiana shilingi 60,000 kwa maneno matupu, nikavuka feri ya Likoni na mikoba yangu ya kamera. Hatukuandikiana chochote. Nilipomaliza nikampa picha zote, kisha ndiyo nikakaa kuandika ankara. Ilikuwa karatasi moja: jina langu, namba ya simu, na mstari mmoja, “Picha za hoteli, 60,000”.

Mhasibu akairudisha. Haina namba, haina PIN ya KRA, yaani namba ya mlipakodi inayotolewa na Mamlaka ya Mapato ya Kenya. Nikaitengeneza. Ikarudi tena: elpio (LPO), ile hati ya mteja ya kuagiza kazi, iko wapi? Meneja hakunitolea, nami sikujua kwamba ni haki yangu kuidai kabla ya kuanza kazi. Na kwa kuwa sikuandika mwisho wa kulipa ni lini, kila nikipiga simu naambiwa wiki ijayo. Pesa ziliingia Julai, 57,000. Nilikasirika nikidhani nimepunjwa elfu tatu, kumbe ni asilimia 5 ya kodi ya zuio, ambayo anayelipa huikata na kuiwasilisha KRA kwa niaba ya mlipwaji. Mtu akinieleza mapema ningelala usingizi.

Baada ya lile bango niliiandikia hoteli ankara ya pili, 120,000, ya matumizi ambayo hatukuyazungumza. Safari hii ilikuwa na namba, PIN, na siku 14 za kulipa. Hakunijibu mhasibu, alinijibu wakili wa hoteli. Barua ilikuwa na aya tatu, na ya pili ndiyo iliyonikata maini: kwa mujibu wa kifungu cha 31 cha Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi ikiagizwa, haki zake huhesabiwa zimehamia kwa aliyeiagiza, ila kama wahusika wamekubaliana vingine. Niliitafuta sheria nikaisoma kwa macho yangu. Ndivyo inavyosema. Miaka sita nilikuwa nikiwaambia wateja kwamba picha ni ya aliyebonyeza.

Nikaenda kwa ami yangu, Mji wa Kale. Alikuwa na studio huko tangu enzi za filamu. Aliisoma barua mara mbili, akavua miwani.

“Arbuni ulitwaa?”

“Sikutwaa, ami.”

“Na karatasi?”

“Hakuna.”

Hakunigombeza. Alivuta mtoto wa meza akatoa kitabu cha risiti kilichogeuka rangi ya chai, karatasi ya kaboni ingali katikati. Kila risiti ilikuwa na nafasi ya jina, arbuni, baki na siku ya kuchukua picha. Chini kabisa, kwa herufi ndogo: “Negativu ni mali ya studio. Nakala hutolewa kwa malipo.”

“Mtu hakai kwenye kiti changu kabla sijamkatia hii,” akasema. “Hata awe jirani.”

Nilikitazama kitabu kile muda mrefu. Utotoni, shule zikifungwa, mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia ile kaboni isiteleze akiandika. Mamia ya risiti zilipita mkononi mwangu, na ule mstari wa chini sikuwahi kuusoma.

Usiku ule niliandika mkataba, kurasa mbili, kwa Kiswahili na Kiingereza. Hakimiliki inabaki kwa mpiga picha. Mteja atatumia picha kwa shughuli zake mwenyewe, kwa miaka 2, na hatampa mtu mwingine bila idhini mpya na malipo mapya. Nusu ya pesa ni arbuni. Baki ndani ya siku 14, na picha kamili zitatoka baki ikishalipwa. Hoteli sikuishtaki, kwani kwa sheria ile na bila karatasi mkononi ningesimama na nini? Bango likakaa pale hadi mvua za vuli zilipolichana.

Novemba niliitwa Watamu na mama mmoja mwenye nyumba za kupangisha wageni. Tuliketi barazani, chai ikaletwa. Kabla sijafungua zipu ya mkoba wa kamera nikamwekea zile kurasa mbili mezani. Mikono ilikuwa ikinitetemeka. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mistari, akasimama kwenye ile miaka 2.

“Mwanangu, miwili michache. Nipe mitatu.”

“Sawa, mama.”

Akachukua kalamu, akaikata ile 2, akaandika 3, akatia saini pembeni, nami nikatia yangu. Kisha akatoa simu. M-Pesa ilipolia mfukoni mwangu, nikafungua zipu.