Zamu ya mchana, wodi ya watoto waliopasuliwa

Saa kumi na mbili asubuhi nipo Buzuruga nagombania daladala. Saa moja na nusu napokea ripoti: watoto kumi na mmoja. Kupima joto, kuangalia dripu, kusafisha vidonda, hayo yanakwenda yenyewe.

Watu wanadhani kazi yetu ni kuchoma sindano. Kazi ngumu ni kumsoma mtoto. Wa miaka miwili hawezi kukwambia maumivu yamefika wapi. Unatazama uso, miguu, anavyojinyonganyonga, kilio, na kama akibembelezwa ananyamaza. Kila kimoja alama 0 hadi 2, unajumlisha. Akifika 4, humwachi hivyo hivyo.

Saa nne, kitanda cha sita. Kijana wa miaka saba kutoka Ukerewe. Juzi alifunguliwa tumbo, taifodi ilitoboa utumbo. Kimya. Bibi yake anajisifu, "Sista, huyu dume, hajalia tangu alfajiri."

"Bibi, hebu mtazame magoti."

Kayakunja, anapumua juu juu, kikohozi kikija anakimeza. Nikamwonyesha karatasi yenye sura sita za kupimia maumivu. Kidole kikaenda moja kwa moja kwenye ile yenye machozi.

Nikataja mofini, bibi akasimama. "Ile ya wenye kansa? Mnataka awe teja?" Nikamtundikia kwanza parasetamoli, miligramu 300 kwa kilo zake 20, nikaanza kueleza: mofini nayo tunaipima kwa kilo, ya siku chache haimfanyi mtoto teja, nitakaa namhesabia pumzi. Na kwa maumivu haya, asipovuta pumzi ndefu wala kukohoa, mapafu yatamletea nimonia. Akasikiliza, kisha akataka baba mtoto aamue. Baba yuko kambi ya dagaa kisiwani, mtandao unakuja ukipenda. Dakika arobaini! Alipokubali, kabati lina funguo mbili, na mwenye wa pili kaenda thieta kuchukua mgonjwa.

Saa sita ndipo dawa ikaingia mshipani, taratibu. Nikahesabu pumzi, nikahesabu tena. Magoti yakashuka. Nikapuliza glavu ikawa puto, akaomba apulize yeye. Akakohoa, kashika mto tumboni kama nilivyomfundisha.

Baada ya hapo saa sizikumbuki. Wawili wametoka nusu kaputi wakilia kwa pamoja, mama mmoja kazirai, dozi ya saa kumi nimeitoa mimi kwa sababu wa jioni alichelewa. Chai yangu ya saa nne iko chupani, haijaguswa.

Nimefika mlangoni, bibi ananikimbilia. "Sista, ya usiku anachomwa saa ngapi?"

"Redio ikisoma taarifa ya habari ya saa mbili, Bibi, mkumbushe nesi."

Akamgeukia jirani yake wa kitanda cha saba, akamwomba asizime redio.