Siku moja maishani mwangu: kufunga rili za mishipi ya kurusha, Arusha

Saa 1:30 asubuhi. Karakana ya kampuni ya safari, Njiro. Mezani kuna rili za kuvulia kwa nzi bandia (chambo cha manyoya kwenye ndoana): za namba 9 (namba ni uzito wa mshipi) zinazokwenda mto Mnyera, bonde la Kilombero, kwa tigafishi, na za namba 5 za trauti wa mito ya baridi. Mishipi ya zamani yote inatoka kwanza.

Saa 2. Mshipi wa akiba, unaokaa chini ya mshipi wa kurusha: dakroni (uzi wa poliesta uliosukwa) ya paundi 30. Kwenye mhimili wa spuli, gurudumu la rili, fundo ni rahisi: zungusha ncha mara moja, ifunge fundo la kawaida juu ya mshipi wenyewe, kisha funga jingine kwenye ncha ili lile la kwanza lisichomoke. Dakroni ikiteleza juu ya chuma laini, bandika kwanza kipande kidogo cha utepe wa gundi. Kinachohitaji uangalifu zaidi ni kuvingirisha. Mshipi upite katikati ya vidole vilivyoshika kitambaa, ukiwa umekazwa. Ukilegea, tabaka la juu huzama ndani ya yale ya chini samaki anapovuta, linakwama, mshipi unakatika.

Saa 3:30. Kuunga akiba na mshipi wa kurusha. Hapa ndipo mafundi wengi hukosea. Mshipi wa kurusha ni uzi uliosukwa, juu una ganda laini la plastiki. Dakroni ni nyembamba, na ikivutwa kwa nguvu inaweza kukata ganda hilo kama msumeno. Kwa hiyo fundo linachaguliwa kwa kuangalia linabana wapi, siyo nguvu yake peke yake.

Mishipi ya namba 9 ina kitanzi cha kiwandani nyuma. Nafunga kitanzi cha Bimini, kinachoundwa kwa kusokota mshipi mara 20, kwenye dakroni, kikubwa kiasi cha rili nzima kupita ndani yake, ili mshipi ubadilishwe bila kukata kitu. Napitisha kitanzi kimoja ndani ya kingine mara mbili. Mkazo unagawanyika juu ya ganda. Vitanzi vikikaa sawa, kila kimoja kinakumbatia shingo ya mwenzake. Kimoja kikibaki kimenyooka huku kingine kikimkaba, fungua uanze upya.

Zile za namba 5 hazina kitanzi, kwa hiyo nafunga fundo la msumari: kijiti cha plastiki chenye tundu kando ya mshipi, mizunguko 7 ya dakroni iliyolala bega kwa bega, ncha inarudi ndani ya tundu, kijiti kinatolewa. Kaza hadi mizunguko iume ganda, halafu paka gundi inayonyumbuka. Bila gundi, fundo hugonga kwenye pete za ufito.

Saa 7. Wali maharage, kisha upande wa mbele: nailoni inayounga mshipi wa kurusha na nzi bandia. Mishipi miwili ya nailoni ya unene unaokaribiana naiunga kwa fundo la damu, mizunguko 5 kila upande. Tofauti ikiwa kubwa, ule mwembamba huchomoka, hivyo natumia fundo la daktari: ilaze sambamba sentimita 15, pitisha fundo la kawaida mara mbili, vuta ncha zote nne pamoja. Lowesha kwa mate kwanza. Nailoni kavu ikikazwa ghafla hupata joto la msuguano na hudhoofika palepale.

Saa 9. Tigafishi ana meno ya kukata nailoni, kwa hiyo sentimita 25 za waya laini wa nyuzi nyingi. Waya unakunjwa, nailoni inauzunguka mara 10: fundo la Albright. Nzi bandia inafungwa kwa fundo la nane.

Saa 10. Dereva mmoja anauliza, "Dada, si ungetumia fundo moja kila mahali?"

"Kaka, vuta hili uone." Ncha imetoka imejikunja kama kizibuo: fundo limeteleza. Ingekatika bila kujikunja, mshipi ungekuwa umekatwa na fundo lenyewe. Dawa zake ni tofauti: fundo linaloteleza huongezewa mizunguko, linalokata mshipi hubadilishwa aina. Kila rili inaondoka na kikaratasi: akiba kiasi gani, fundo gani, na mshipi upi ubadilishwe kwanza ukichakaa.